Kambi Yenye Vitanda Viwili

Sura ya Sita

Jumapili hiyo mfuaji alirudi nyumbani akitoka zamu mbili zilizofuatana. Alivua viatu mlangoni bila kuinama, kimoja kwa kisigino cha kingine, akaingia ndani akiwa bado ananukia dawa ya kung'arishia mashuka. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimekunjamana kama za mtu aliyetolewa majini. Tangu jana jioni alikuwa amefua, amekausha na kukunja mashuka ya wodi nne za hospitali, na sasa kila alipofumba macho aliona weupe tu, weupe usio na mwisho.

"Chakula kipo kwenye sufuria," mama yake akasema bila kuinua uso. Alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, akipiga pindo la sketi ya mteja. "Kula, oga, lala."

"Nitalala, mama. Kwanza nina miadi."

"Miadi." Mama akakata uzi kwa meno. "Miadi na simu."

Mfuaji alimwinamia mwanawe aliyekuwa amelala kwenye mkeka, mtoto wa miaka mitatu aliyeitwa Chiriku kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika ila usingizini, akamfunika miguu na kanga. Kisha akachukua ndoo, akaipindua karibu na mlango wa jikoni, akaikalia. Hapo ndipo mtandao ulipokuwa unashika vizuri. Ukisogea hatua mbili kushoto, sauti ya mtu inakuwa kama anaongea huku anakunywa maji.

"Mjomba wako anakuja Jumamosi," mama akasema.

"Najua."

"Safari hii haji kusalimia. Mwuza dawa ameshamtuma mara mbili. Anataka jibu la posa yake, na mimi nimeishiwa na visingizio. Nimemwambia unaumwa, nimemwambia uko zamu, mara ya mwisho nimesema unafikiri. Mtu gani anafikiri miezi minne?"

"Mwuza dawa ni mtu mzuri, mama. Sijakataa hilo."

"Ana kosa gani?"

"Hana kosa. Ila akiongea na mimi ni kama anasoma maelezo ya kwenye boksi. Umzungumzishe kutwa mara tatu, baada ya chakula."

Mama alitaka kucheka, akajizuia kwa kuinamia sindano. "Mzaha huo utakuozea mdomoni. Yule yupo, anaonekana, ukibisha hodi anafungua. Huyu wako wa mnara, mimi uso wake siujui. Mwezi wa nane huu mnaongea. Kama ana nia, aje kabla ya Jumamosi akae hapo kwenye kiti nimwone. Kama hana, mwache mjomba wako apate jibu."

"Leo nitamuuliza siku," mfuaji akasema taratibu. "Nakuahidi. Leo siondoki kwenye ndoo hii bila siku."

Huyo wa mnara alikuwa fundi wa minara ya simu, na wenzake walimwita Popo kwa sababu kazi yake ilikuwa kuning'inia. Walijuana alipokuja kupanda mnara uliosimama nyuma ya chumba cha kufulia cha hospitali. Mvua ilimshusha, akabisha hodi, akaomba kuanika glavu zake kwenye kamba ya mashuka. Mfuaji akamwambia kamba ile ni ya wagonjwa tu. Popo akasema basi ngoja augue. Alikuja kuanika glavu siku kumi na moja, nyingine za jua kali kabisa, halafu kampuni ikampeleka kwenye milima ya mbali ambako minara ndiyo kwanza ilikuwa inasimamishwa. Ni safari ya basi ya kutwa nzima.

Mwanzoni walipigiana simu. Lakini mtu aliyeshinda juu ya chuma na mtu aliyeshinda kwenye mvuke hawana mengi ya kuambiana. Umekula? Nimekula. Umechoka? Nimechoka. Kisha kimya, kila mmoja akisikiliza pumzi ya mwenzake, mpaka mmoja anasinzia na simu sikioni. Ndipo Popo alipoleta wazo la gemu.

"Ni gemu ya kuishi porini," alimwambia siku ile ya kwanza. "Tunaingia wote wawili, kila mtu na simu yake, tunakutana humo."

"Tunaanza na nini?"

"Na mikono mitupu. Umetupwa ufukweni, huna kitu. Nenda kwenye huo mti, upige."

"Niupige na nini?"

"Na ngumi."

"Popo, nimetoka kupigana na mashuka mia mbili. Unaniambia nikapige mti ngumi?"

"Mti ukianguka unapata gogo. Gogo linakupa mbao, mbao na jiwe vinakupa shoka, ukiwa na shoka umeshakuwa mtu. Halafu kabla jua la humo halijazama tunajenga kibanda, hata kama ni cha kuku, maana giza likiingia wanatoka wanyama."

Walijenga cha kuku kweli. Kuta tatu, paa nusu, na wanyama wakawala wote wawili kabla ya usiku wa kwanza kwisha. Mfuaji alicheka hadi mama yake akaja kuangalia kuna nini. Ulikuwa muda mrefu hajacheka hivyo.

"Sasa sikiliza," Popo alimfundisha walipoamka tena ufukweni. "Kosa la kila anayeanza ni kuona mlima mzuri kwa mbali akaufuata. Usiende popote kabla hujaweka kitanda. Humu mtu akifa anaamkia kitandani, pale alipolala mara ya mwisho. Kama hujalala popote, unarudi ufukweni mtupu kama siku ya kwanza."

"Kwa hiyo kitanda ndiyo kwenu."

"Kitanda ndiyo kwenu, Bibi Mashuka."

Hilo ndilo jina alilompa, Bibi Mashuka, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kulitumia.

Tangu hapo kila Jumapili, saa nane mchana hadi saa tisa, walikutana porini. Siku moja ya humo ilikwenda dakika ishirini, kwa hiyo kila wiki walikuwa na siku tatu zao wenyewe, zenye mapambazuko na machweo. Haikuchukua muda kila mmoja akaonyesha tabia yake. Popo hakutulia. Akiona kilima atataka kujua nyuma yake kuna nini, akiona pango ataingia, akiona mto ataufuata hadi uishe. Mfuaji alikuwa mtu wa kambi. Alisawazisha ardhi, akapandisha ukuta wa mbao, akajenga tanuri, akapanda bustani, akapanga masanduku kwa safu: mbegu huku, ngozi huku, mawe kule. Na kwenye chumba cha ndani akaweka vitanda viwili vinavyogusana. Alipoviweka, Popo akakohoa akasema, "Umevipanga vizuri." Kwa kauli hiyo moja mfuaji alifua wiki nzima akitabasamu ndani ya mvuke.

Jumapili tano zilizopita Popo aliondoka kambini kwenda kutafuta chuma kwenye mlima uliokuwa mbali kabisa, karibu na mwisho wa ramani. Waliendelea kuongea kila wiki, yeye akitembea huko, mfuaji akipalilia huku. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kurudi.

Akaweka hedifoni masikioni. Saa nane na dakika mbili sauti ikaingia, safi kama mtu aliyekaa jikoni.

"Bibi Mashuka."

"Abee."

"Sauti imechoka hiyo."

"Nimetoka zamu mbili. Ya kwako je?"

"Mimi sauti yangu haichoki, ni mgongo." Akaguna akijinyoosha. "Tangu jana nilikuwa juu ya mnara, nimeshuka sasa hivi. Upepo wa huku hauna adabu."

"Uko wapi humo?"

"Nimeshaingia msitu wa misonobari. Nimebeba chuma mzigo mzima, mbegu ambazo huna, na ngozi nyeupe ya dubu. Jua linazama muda si mrefu, lakini nikifuata mienge nafika kabla ya giza."

"Mienge ipi?"

"Mienge yangu. Niliyochomeka njiani wakati naenda. Kila hatua kumi na tano mmoja, tangu mlangoni kwako hadi mlimani. Humu ramani haikuonyeshi ulipo, ukipita mahali bila alama umepotea." Alicheka kidogo. "Ila leo sijaona hata mmoja. Nadhani nimepita pembeni."

Kidole cha mfuaji kilikuwa kimesimama juu ya kioo.

Pale chumba cha kufulia palikuwa na sheria moja iliyopita zote, iliyobandikwa hata juu ya mlango: kilicho sakafuni kiokotwe. Soksi, bandeji, kitambaa, chochote. Usiulize ni cha nani, usiruke, okota, tia kikapuni. Alikuwa ameitii sheria hiyo miaka sita, na mikono yake ilishaacha kusubiri ruhusa. Jumatano iliyopita, wakati wa mapumziko, aliingia kwenye gemu peke yake ili kambi iwe nadhifu mwenzake akirudi. Nje ya ukuta akaona mwenge umechomekwa chini. Mbele yake kidogo mwingine. Na mwingine. Akajisemea, huyu mwanamume naye, kila anachoshika anakiacha kilipoangukia. Akaokota. Akafuata kilima, akashuka bonde, akaokota na kuokota mpaka kengele ya kazini ikalia.

"Popo," akasema.

"Niambie."

"Mienge ilikuwa mingapi?"

"Kuanzia msituni hadi kwako? Kama sitini hivi. Kwa nini?"

"Iko hapa. Nimeipanga juu ya ukuta. Inapendeza sana."

Upepo wa huko kwa Popo ukasikika ukipiga bati.

"Umeiokota?" akauliza polepole.

"Nilidhani umeisahau."

"Mienge sitini, iliyokaa mstari mmoja, nimeisahau?"

"Nilikuwa nasafisha."

"Unasafisha msitu," Popo akasema, na mwanzoni ilikuwa sauti ya mtu anayecheka. Kisha ikabadilika. "Sasa narudije? Jua limeshazama hapa. Sioni mbele. Nimebeba kila kitu."

"Tembea, nitakuelekeza. Unaona nini?"

"Miti."

"Miti ya namna gani?"

"Ya namna ya miti, mwenzangu. Ni giza."

Alimwelekeza kadiri alivyojua. Utafute mto. Hakuna mto. Panda kilimani. Kilima kipi? Sauti zao zilianza kukwaruzana kama vyombo kwenye karai. Dakika tano baadaye mfuaji akasikia mlio wa mbwa mwitu ndani ya hedifoni, mmoja, halafu wengi.

"Wamekuja," Popo akasema. Hakuwa anapiga kelele. Alisikika amechoka tu, kama mtu aliyekosa basi la mwisho.

"Acha wakule."

"Nitapoteza mzigo wa wiki tano."

"Na upotee. Chuma kitatafutwa kingine. Kufa uamke nyumbani, mimi nakusubiri kitandani kwako."

Hakuisikia sauti yake mwenyewe ilivyokuwa laini aliposema hivyo. Mama aliisikia. Sindano ilisimama.

Mfuaji akakipeleka kijitu chake chumba cha ndani, akakisimamisha mbele ya vitanda viwili. Mienge sitini ilikuwa inawaka juu ya ukuta, chumba kizima kikawa na rangi ya asali. Akasikia mlio wa Popo akianguka. Akangoja. Aliwaza, akiamka tu nitamwambia. Nitamwambia Jumamosi, nitamwambia mjomba, nitamwambia njoo.

Kitanda kikabaki kitupu.

Alidhani ni mtandao. Akainua simu juu, akaishusha. Bustani ilikuwa inacheza na upepo, moto wa tanuri ulikuwa unapanda na kushuka. Kila kitu kilikuwa kinatembea isipokuwa hicho kitanda.

"Umeamka?"

"Nimeamka," Popo akajibu.

"Mbona sikuoni? Nimesimama hapa."

Mfuaji akakizungusha kijitu chake chumbani.

"Popo, uko wapi?"

"Siko hapo."

Akili ya mtu aliyechoka huenda polepole, lakini hufika. Unaamkia pale ulipolala mara ya mwisho. Yeye ndiye aliyemfundisha.

"Una kitanda kingine," mfuaji akasema.

Mama akageuka na kiti chake chote. "Ana kitanda kingine?"

"Mama, tafadhali."

"Nimekwambia mimi. Sikukwambia?"

"Ni kwenye gemu, mama."

"Yanaanzia humo humo."

Mfuaji akafunika sikio lake la kushoto kwa kiganja ili abaki na sauti moja tu. "Nieleze," akasema.

"Nilijenga nyumba huku," Popo akasema. "Juu mlimani. Si kibanda, ni nyumba. Ina vyumba viwili na kingine kidogo cha Chiriku, dirisha lake nimelishusha chini kabisa ili aone nje akiwa amesimama. Nilikuwa nataka nije nikuchukue, nikupitishe kwenye mienge usiku, ufike ukute taa zinawaka. Nilifikiria hivyo wiki tatu."

Ilikuwa kauli ambayo, wiki nyingine, ingemyeyusha. Leo alikuwa na nyayo zinazopwita na mgongo unaodai haki yake, na aliyasikia maneno mengine, yale yaliyokuwa hayajasemwa.

"Kwa nini ujenge huko? Hapa pana nyumba. Nimeijenga mimi kwa miezi mitano, ubao kwa ubao."

"Nilitaka uone kwanza. Ukiipenda ndipo nikwambie."

"Uniambie nini?"

Upepo ukapiga bati tena. Chiriku akageuka kwenye mkeka, akatafuna kitu cha ndotoni.

"Nimeongeza mkataba," Popo akasema. "Miaka miwili. Wametoa nyumba kwa wenye familia, nyumba ya kweli, ya tofali, iko chini ya mnara. Walitaka jibu siku ile ile. Nikatia sahihi."

"Lini?"

"Wiki tatu zilizopita."

"Wiki tatu," mfuaji akarudia. "Jumapili tatu tumekaa hapa. Umeniuliza bustani inaendeleaje. Umeniuliza nimepata mbegu za maboga. Miaka miwili umekaa nayo mfukoni."

"Niliogopa."

"Unapanda chuma mita sitini hewani, unaniogopa mimi niliyekalia ndoo?"

"Juu kule nina mkanda," Popo akasema. "Nikiteleza unanishika. Kwako nikiteleza sina cha kunishika. Kila Jumapili nasema leo namwambia, halafu nakusikia ulivyochoka, naona nikikuongezea hili utaniambia basi. Na una haki. Nitakuombaje uache kazi, umwache mama, umhamishe mtoto, uje kwenye upepo kwa mtu uliyemwona siku kumi na moja?"

"Ungeomba tu. Kwa mdomo. Mimi ningekuwa na la kujibu."

"Basi nakuomba."

"Hapana." Akapangusa uso kwa mgongo wa mkono, na dawa ya mashuka ikamchoma macho, au alijiambia ni dawa. "Siombwi hivi. Siombwi na mtu ambaye sioni macho yake. Unajua mimi nimechoka na nini, Popo? Kazi nimeizoea. Nimechoka kukaa kambini. Wewe unatembea, unaona, unarudi na hadithi. Mimi naziba mapengo ya ukuta. Humo na humu, ni hivyo hivyo. Yule wa kwanza, baba wa Chiriku, naye alikuwa na kilima chake anakwenda kuona nyuma yake kuna nini."

"Mimi si yeye."

"Sijui. Sijakaa na wewe nikajua. Ninachojua ni kwamba Jumamosi mjomba wangu anakuja kuchukua jibu la mwuza dawa. Yule hanichekeshi, na nikikaa naye saa moja naona imekuwa mchana kutwa. Lakini anajua nyumba yetu ilipo. Nimekutetea miezi minane mbele ya mtu anayekaa mita tatu kutoka hapa na kusikia kila neno."

"Sisikii kitu," mama akasema.

"Na sasa maneno yameniishia," mfuaji akaendelea. "Sitaingia tena humu. Hata Jumapili ijayo. Saa yetu hii moja naifunga leo."

"Usifanye hivyo." Kwa mara ya kwanza sauti ya Popo ilitetemeka. "Ndiyo pekee tuliyo nayo."

"Ndiyo maana naifunga. Tukiwa nayo utaendelea kunijengea nyumba za humo. Uje huku. Kabla ya Jumamosi."

"Zamu yangu inaisha Alhamisi usiku. Nina siku mbili tu za mapumziko, Ijumaa na Jumamosi. Basi linakula kutwa. Nitafika kwenu Ijumaa jioni, Jumamosi alfajiri lazima nipande la kurudi. Nitakuwa sijalala tangu Jumatano. Nitakaa na wewe saa ngapi? Nitakuwa mtu gani hapo? Mama yako atanitazama, mimi macho yamefumba, sina hata neno la maana la kusema."

"Sijaomba maneno."

"Nitakuja nilale tu, Bibi Mashuka. Kweli nakwambia. Nitaketi, nitalala."

"Basi njoo ulale," mfuaji akasema.

Alilisema bila kupanga, na lilipotoka akajua kwamba ndilo alilokuwa akilitafuta tangu alipokaa kwenye ndoo. Akaendelea kwa sauti ya chini, kichwa akikiegemeza kwenye fremu ya mlango.

"Njoo umechoka hivyo hivyo. Mimi nitatoka kazini nimechoka vile vile. Nitakaa pembeni nikuangalie unavyopumua, nione kama unakoroma, nione mikono yako ikoje ukiwa huna glavu. Chiriku aamke akukute. Mjomba akija mchana aambiwe alikuwepo, ameondoka alfajiri, kitanda bado kina joto. Ya miaka miwili, ya nyumba ya tofali, tutayaongea siku nyingine. Inaweza ikawa ndiyo, inaweza ikawa hapana, sijui. Lakini siwezi kulijibu pori. Nataka kumjibu mtu."

Alimsikia Popo akivuta pumzi kwa pua, mara mbili, kama mtu anayeweka mguu kwenye kidato cha kwanza cha ngazi.

"Ijumaa," akasema.

"Ijumaa saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili jioni nitakuwa stendi. Nikichelewa ni basi, si mimi."

"Haya."

"Bibi Mashuka."

"Abee."

"Nakoroma."

"Tutaona."

Mfuaji akatoa hedifoni. Masikio yalimpwita. Kwenye kioo kijitu chake kilikuwa kimesimama bado mbele ya vitanda viwili, mapambazuko ya humo yakianza kuingia dirishani. Akakilaza kwenye kimoja, akafunga gemu, akazima simu kabisa. Akabaki pale pale juu ya ndoo, mikono imelala mapajani viganja juu, akimngojea mama yake aseme alilokuwa nalo.

Mama hakuwa na haraka. Alimaliza pindo, akafunga fundo, akalikagua kwa kulivuta huku na huku. Kisha akaikunja ile sketi vizuri, akaiweka kando.

"Atalala sebuleni," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na mto nitampa ule mgumu."